Kinga za shokapu za mbele: mawe, majivu na magadi ya njia ya Natron

Nikikagua pikipiki inayouzwa, sianzi na injini. Nachuchumaa mbele, nafuta vumbi kwa kidole gumba na kutazama lile bomba linalong'aa la shokapu. Likiwa na mikwaruzo ya wima, au kwenye ukingo wa sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, kuna duara la vumbi lililolowa oili, bei inashuka hapo hapo, hata tangi ling'ae vipi. Mkwaruzo wa namna hiyo mara nyingi chanzo chake ni jiwe, na jiwe lilipata upenyo kwa sababu kinga haikuwepo, au ilikuwepo ya kubahatisha.

Kazi yangu ni mifugo. Wafugaji wananiita bwana mifugo, na siku zangu nyingi zinaishia kwenye njia inayofuata chini ya ukingo wa Bonde la Ufa: Mto wa Mbu, Selela, Engaruka, na kampeni za chanjo zikienda mbali, mpaka Engaresero kando ya Ziwa Natron. Nyuma nafunga boksi la chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe au ya sotoka ya mbuzi, limejaa barafu, kwa hiyo siwezi kusimama saa nzima njiani nikihangaika na pikipiki. Barafu haisubiri.

Ukishapita Engaruka, mawe ya volkano yamelala njiani, meusi, yenye kingo kali. Tairi lako mwenyewe linayachomoa, na gari la watalii likikupita linakuongezea. Halafu kuna majivu. Mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai ulirusha majivu mwaka 2007 na 2008, lakini ardhi yote ya pale imefunikwa na majivu ya milipuko ya zamani zaidi. Vumbi lake ni laini kiasi cha kupenya zipu ya begi iliyofungwa, lakini ukilisugua katikati ya vidole unasikia punje zinauma. Na ukikaribia ziwa kuna magadi. Mama yeyote aliyewahi kuchemsha maharage kwa magadi kwenye sufuria ya aluminiamu anajua inavyogeuka nyeusi. Miguu ya shokapu, pale ekseli inapopita, nayo ni aluminiamu.

Nawataja hawa watatu kwa sababu watu wengi hununua kinga kwa kuangalia pikipiki. Wanauliza ipi inaingia, ipi inapendeza, ipi ina rangi moja na madgadi. Mimi naona swali la kwanza ni uchafu wa njia yako: ni wa kupiga, wa kusaga au wa kula? Kinga inayozuia jiwe vizuri inaweza kukusanya matope vizuri vilevile, na matope yakikaa juu ya sili ni afadhali ungebaki wazi.

Pikipiki yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa Yamaha AG200, ile iliyotengenezewa mashamba: mnyororo umefungiwa ndani ya boksi, stendi pande zote mbili, breki ya ngoma mbele. Shokapu zake zinatoka kiwandani zimevaa buti za mpira zenye mikunjo. Kwa miaka yote niliyokaa nayo, sili za shokapu hazikuwahi kuniingia akilini. Baadaye nikanunua Honda CRF250L kwa mtu aliyekuwa anamaliza mkataba wake Arusha, na hapo ndipo somo lilipoanza, kwa sababu shokapu zake zimegeuzwa. Bomba nene liko juu, limeshikwa chini ya usukani, na lile jembamba linalong'aa, la milimita 43, liko chini kabisa karibu na ekseli. Kwenye mashimo zimetulia kuliko za AG, hilo sibishi. Ila sehemu ya kung'aa, ambayo kwenye AG iko juu mbali na mawe, hapa iko jirani na tairi. Sili nayo imekaa kwenye mdomo wa chini wa bomba nene, kwa hiyo ikichoka oili inateremka yenyewe, na upande wa kushoto ikiteremka inakuta diski na breki.

Kiwandani CRF250L huwekewa kinga za plastiki. Yangu niliipata haina. Muuzaji alisema zilivunjikia Loliondo, akacheka, akanipunguzia bei.

Kabla sijapata nyingine, mwenzangu kwenye timu ya chanjo, naye akiwa na pikipiki ya shokapu zilizogeuzwa, alifika Engaruka akilalamika breki ya mbele haishiki. Tulipoinama tulikuta kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, imelowa oili. Bomba lilikuwa na kidoti kimoja tu, hakifiki milimita moja, mahali jiwe lilipong'oa kromiamu. Macho hayakukiona haraka. Ukucha ndio ulikikuta, ulikwama pale. Kila shokapu ilipobonyea, ukingo wa kidoti ulikuwa unaikata midomo ya sili, na kila mkato unaachia oili kidogo. Sili zenyewe si bei ya kutisha. Kilichomuumiza ni pedi za breki, maana zikishanyonya oili huzirudishi, na safari ikaishia pale na chanjo zake tukagawana.

Basi nikaingia Arusha kutafuta. Duka la kwanza walinitolea jozi safi kabisa ya CRF250R, plastiki ya Acerbis, bado iko kwenye mfuko.

"Zote ni CRF mia mbili hamsini, bosi. Zinaingiliana."

Haziingiliani. R ni pikipiki ya mashindano ya motokrosi. Shokapu zake ni nene zaidi, na mguu wa chini, pale bolti za kinga zinapoingia, umechongwa tofauti. Nilikuwa na venia, kile kipimo cha unene, mfukoni na kipimo cha umbali wa matundu nimekiandika kwenye boksi la sigara la fundi wangu. Ukienda dukani na namba huna haja ya kubishana. Pima unene wa bomba la ndani, unene wa bomba la nje, umbali kati ya tundu na tundu, na urefu kutoka tundu la chini mpaka mdomo wa bomba nene pikipiki ikiwa imesimama. Jina la pikipiki lije baada ya hapo.

Duka la pili walikuwa na za aluminiamu, zimechongwa kwa mashine, nzuri za kupiga picha. Nilimpelekea moja fundi wangu wa Mto wa Mbu aitazame. Akaigonga kwa kucha, akaikunja kidogo kwenye goti, ikabaki ilivyokunjwa.

"Bwana mifugo, hii ikipigwa na jiwe itafanya hivi. Itapinda, halafu itabaki inakwaruza bomba mpaka ufike. Ya plastiki ikipigwa inarudi mahali pake."

"Na magadi je, fundi?"

"Hapo umejijibu."

Mtu wa lami na changarawe kidogo anaweza kuvaa aluminiamu na asijute. Za kaboni sikuzishika hata mkononi. Ukisikia bei unazirudisha kwa macho. Fundi alikuwa na pendekezo lake: kukata kipande cha pipa la bluu la lita 200. Usidharau. Plastiki ya pipa ni nene, haiogopi magadi, na tayari ina mkunjo wake. Vijana wa bodaboda wamevaa hizo na zinadumu. Kilichonizuia ni bomba la breki. Kinga ya asili ya kushoto ina kishikizo cha kuliongoza bomba lile lipande na kushuka na gurudumu bila kugusa tairi, na sikutaka kazi hiyo niiachie waya wa kufungia. Kwa shokapu ya kulia ningekubali pipa bila kusita.

Mwisho nilipata jozi ya asili, mtumba, imeletwa na basi kutoka Nairobi. Ya kulia ilikuwa na ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti. Ufa wa plastiki ukiuacha unatembea, kwa hiyo fundi alitoboa kitundu kidogo kabisa pale mwisho wake ulipoishia, usiendelee, kisha akazika kipande cha wavu wa chuma ndani ya plastiki kwa pasi ya kuchomelea nyaya na kufunika juu na plastiki ya aina ileile. Mpaka leo ni imara kuliko upande ambao haukupasuka. Chunguza pia matundu ya bolti: mengine yana kibushi cha chuma ndani. Kibushi kikipotea, ukikaza bolti unaibana plastiki yenyewe, na hapo ndipo nyufa nyingi zinapozaliwa. Kimoja kilikosekana, tukakata kingine kutoka kwenye bomba dogo la shaba la friji.

Kufunga kwenyewe watu wanakuona ni kazi ya dakika tano. Bolti zile ndogo za milimita 6, spana namba 8, unakaza, unaondoka. Kukaza ni dakika tano kweli. Muda unaupoteza, na upoteze tu, kwenye kuhakikisha kinga haigusi kitu chochote pikipiki ikiwa imebonyea mpaka mwisho. Kinga imefungwa kwenye mguu wa chini, kwa hiyo inapanda pamoja na gurudumu na kupita kando ya bomba nene. Shokapu za CRF hutembea zaidi ya sentimita 20. Nafasi unayoiona pikipiki ikiwa kwenye stendi haikwambii lolote kuhusu shimo la Engaruka ukiwa na mzigo.

Tulifanya hivi. Kwanza tuliosha miguu ya shokapu kwa maji matamu na mswaki, tukaacha ikauke, tukasafisha nyuzi za matundu kwa bolti ya zamani iliyochanwa mfereji pembeni. Tukafunga kinga kwa mkono tu, bila kukaza. Kisha fundi akachukua chaki ya shule, akailoweka, akapaka upande wote wa ndani wa kinga mpaka ukawa mweupe. Chaki ilipokauka tukaipandisha pikipiki kwenye Canter ya jirani yake, tukafunga usukani kwa mikanda ya mizigo kushoto na kulia, tukawa tunakaza huku kijana mmoja mzito amekalia mbele, mpaka shokapu zikakaribia kuisha. Vijana wawili kubonyeza usukani kwa mikono hawafikishi huko, nimeona wakijaribu na kujisifu. Tukageuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, tukalegeza.

Kinga ya kulia ilikuwa nyeupe yote. Ya kushoto ilikuwa na mstari mweusi juu, upana wa kalamu, ambapo chaki ilikuwa imefutwa na mdomo wa bomba nene. Kwa macho usingeuona mguso ule hata ungepiga tochi. Kwenye njia ya majivu mstari ule ungekuwa msasa: vumbi linaingia katikati ya plastiki na bomba, na kila shimo linasugua. Fundi aliweka washa nyembamba, kile kipete cha bolti, kati ya kinga na mguu wa shokapu, kinga ikaegemea nje kidogo, tukapaka chaki tena, tukarudia, ikatoka safi.

Hapo ndipo tulipotia gundi ya bluu kwenye bolti, ile inayofunguka kwa spana ya kawaida. Inakamata bolti isilegee kwa mtikisiko, na pia inaziba maji ya magadi yasiingie kwenye nyuzi. Gundi nyekundu iache kwa kazi nyingine. Kuifungua mpaka uipashe moto, na jirani yake pale ni plastiki na mpira wa breki. Kukaza usitumie nguvu ya nati ya gurudumu. Bolti ya milimita 6 kwenye aluminiamu, nyutonimita 10 zinatosha kabisa. Huna spana ya kipimo? Shika spana fupi karibu na kichwa chake, usishike mwishoni.

Bomba la breki ndilo la mwisho kukaguliwa. Weka gogo chini ya injini, gurudumu la mbele lining'inie. Shokapu ikiwa imenyooka mpaka mwisho, bomba libaki limelegea kidogo kwenye kishikizo chake, lisivutwe. Ukiwa na pikipiki yenye ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu lisikwame ukipiga breki, waya wa sensa unapita humo humo, nao unataka ulegevu uleule. Nimeona pikipiki imefungwa kinga mpya vizuri, waya umebanwa chini ya ukingo wa plastiki, na taa ya ABS inawaka kila ikiruka tuta. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha sensa.

Nyongeza yangu ni moja tu: nilitoboa tundu la kutolea maji sehemu ya chini kabisa ya kila kinga, ambapo matope hujikusanya. Bila tundu, mfuko ule unabaki na matope ya magadi wiki nzima yakila mguu wa shokapu.

Soksi za neopreni nazo lazima nizisemee, maana ndizo zinazouzwa sana sasa hivi. Ni kitambaa kinene cha mpira kinachozungushwa kwenye mdomo wa sili na kushikwa kwa velkro. Kiangazi, kwenye majivu makavu, nazipenda. Ukivua baada ya safari unakuta vumbi limebaki nje na mdomo wa sili ni mkavu na safi. Mvua ikianza ni habari nyingine. Soksi inanyonya maji na kuyashikilia palepale pa sili. Nilipotoka Engaresero masika moja na kuivua, ndani ya kitambaa kulikuwa na pete nyeupe ya magadi imeganda kuzunguka bomba, ngumu, inakwaruza ukiigusa. Tangu hapo ratiba yangu ni soksi kiangazi, plastiki peke yake masika, na kitu chochote nisichoweza kukivua na kukiosha kwa dakika mbili sikifungi karibu na sili. Tyubu ya baiskeli iliyozungushiwa shokapu, ambayo vijana wanaipenda kwa kuwa ni bure, inaangukia humo: inazuia jiwe, lakini nani ataifungua kila jioni?

Hata kinga ikiwa nzuri, sili itaanza kuvuja oili siku moja. Usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi haijachanika, imeingiliwa na punje. Chukua filamu ya zamani ya eksirei, ile nyeusi ya hospitali, ukate kipande chembamba chenye ndoano ndogo pembeni, mipaka yake uilainishe kwa msasa. Teremsha sili ya vumbi kwa bisibisi bapa iliyofungwa tepu isikwaruze, pitisha filamu kati ya bomba na sili ya ndani, zungusha duara zima taratibu, futa, rudia. Kinachotoka ni uji wa kijivu. Ukifuta bomba, ukabonyeza pikipiki mara kadhaa na duara la oili halirudi, umeokoa pesa. Likirudi, pitisha ukucha juu ya bomba lote utafute kidoti, kwa sababu ukiweka sili mpya juu ya kidoti, nayo itakatwa vilevile. Kidoti nakilainisha kwa msasa wa namba 1000 halafu 2000 uliolowa oili, nikizungusha bila kupandisha na kushusha. Shimo linalobaki nalijaza rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka kwa tabaka, nasubiri ikauke, nasugua tena mpaka ukucha uteleze. Nyumbani kichupa kile kinaitwa cha pikipiki sasa.

Wenye shokapu za kawaida, XL, XR150L, AG na jamaa zake, msione haya yote mkadhani mmeachwa nyuma. Kwa kazi ya kijijini buti la mpira ni kinga bora kuliko zote nilizozitaja, mradi liwe la saizi yake na likae sawa. Pima bomba jembamba juu na bomba nene chini, na upime urefu shokapu ikiwa imenyooka mpaka mwisho. Buti fupi litajichomoa kwenye mdomo wa chini kwenye tuta la kwanza, na kuanzia hapo linakuwa bakuli la kukusanyia mchanga. Kulivisha lazima gurudumu litoke na shokapu ziteremshwe, kwa hiyo kabla ya kulegeza chochote, weka alama ya tepu kwenye kimo cha kila shokapu ili zirudi sawasawa. Matundu ya pumzi yatazame nyuma. Yakitazama mbele yanakunywa maji ya kila dimbwi, na ukiyaziba kabisa buti litavimba kila shokapu ikibonyea. Klipu ya juu kaza kwanza. Ya chini iache mpaka uishushe pikipiki, uibonyeze mara kadhaa buti lijipange lenyewe, ndipo ukaze. Ukilikaza likiwa limejisokota, litapasukia kwenye mkunjo na utalivua tena kabla masika hayajaisha.